Bunduki Iliyosuguliwa kwa Mchanga

Benchi letu limeegemea ukuta wa karakana ya Fundi. Mguu wake mmoja ni tofali, na upande wa tofali hakai mtu anayependa kurusha mikono akiongea, kwa hiyo upande huo uko wazi siku zote. Birika ni langu, jiko ni langu, vikombe ni vyangu, na ukinywa usipoosha, kesho utanywea kiganjani. Nina wateja wawili wa asubuhi ambao hakuna mvua wala msiba uliowahi kuwaondoa hapo. Mmoja ni Kopro, aliyekaa jeshini miaka kumi na minane akigawa mablanketi stoo, ila ukimsikiliza utadhani vita vyote vilikuwa vinamsubiri yeye afike ndipo vianze. Wa pili ni Uhakika, mshona viatu, mzee mwenzangu, tuliyempa jina hilo kwa sababu kila uongo wake unatanguliwa na "nina uhakika". Fundi mwenyewe hakai benchi. Yuko ndani, mlango wazi, anafungua makufuli, anachomea majiko, anatengeneza cherehani. Ukutani ametundika kibali cha serikali cha kutengeneza bunduki, kazi aliyofundishwa na baba yake, ingawa mwaka huu wote bunduki pekee aliyoiona ni ile iliyochorwa kwenye kibali.

Jumanne moja akatokea binti wa marehemu Mlinzi. Amekumbatia kitu kirefu kilichofungwa kwa shuka, anakibeba kama mgonjwa. Kopro alipomwona tu akavuta kikombe chake karibu.

Binti: Shikamoo, Bibi. Shikamooni, wazee.

Mimi: Marahaba. Usiniambie hiyo ni ngazi.

Binti: Ni bunduki ya baba.

Uhakika akamwaga kahawa kwenye suruali.

Binti: Msiogope, haina kitu ndani. Na barua ya kituo ninayo. Wameniruhusu kuileta kwa Fundi na kuirudisha, basi.

Nieleze mapema mambo yalivyokuwa, maana wanaume hawa wakianza hakuna atakayeeleza kitu. Baba wa huyu binti alilinda mashamba ya ng'ambo ya mto miaka thelathini, nguruwe mwitu wasile mihogo na mahindi ya watu. Alikufa miezi saba iliyopita kwa kifua. Tangu azikwe, nguruwe wanakula kama wamepelekewa kadi ya mwaliko. Wakulima wakatangaza nafasi, na binti akaomba. Watu wakacheka. Akaenda mafunzo ya shabaha, akawashinda wanaume wanne kwa bunduki ya kuazima, watu wakaacha kucheka. Likabaki jambo moja: Ijumaa kamati ya wakulima inakaa na afisa wa silaha, na kila mwombaji aje na bunduki yake mwenyewe, nzima, inayofanya kazi. Asiye nayo hana kazi. Na kwao, tangu baba afe, anayepeleka unga nyumbani ni yeye, na huo unga ameupata kwa kufulia watu nguo.

Fundi akatoka anajifuta mikono. Binti akafungua shuka juu ya benchi.

Mimi nimeona mwiko wa jikoni wenye hali nzuri kuliko ile bunduki. Mitutu miwili imelala pamoja kama mapacha kitandani, imesuguliwa mpaka imekuwa myeupe kama kijiko. Juu yake nyundo mbili zimesimama kama masikio ya punda. Mtutu wa kulia una bonde, unaweza kuweka kidole gumba kikaenea. Kitako kimevalishwa ngozi nyeusi iliyoshonwa kwa uzi mnene. Fundi akaishika katikati, akaitikisa. Kacha, kacha, kacha.

Fundi: Imechoka.

Binti: Imechoka ya kupumzika, au imechoka ya kuzikwa?

Fundi: Sijui bado. Ngoja nitafute taa.

Akaingia ndani. Hilo lilikuwa kosa lake, kwa sababu aliiacha bunduki benchi pamoja na hawa wawili.

Kopro: Binti, nisikilize mimi mtu wa silaha. Hii usiitengeneze. Hii unauza. Bunduki zenye nyundo za nje namna hii walikuwa wanapewa majenerali tu. Jenerali mmoja, bunduki moja.

Mimi: Umejuaje?

Kopro: Jeshini tulifundishwa.

Mimi: Stoo?

Kopro: Stoo, Bibi, ndiko kila kitu kinakopita.

Mimi: Mablanketi yalipita, hilo silikatai.

Uhakika: Huyu anakupotosha, mwanangu. Nina uhakika si ya jenerali. Ni ya mfalme. Tazama hii ngozi ya kitako.

Akaivuta bunduki mapajani, akavaa miwani, akaanza kuipapasa ile ngozi kama anayempapasa mjukuu aliyerudi safari.

Uhakika: Mnaona mshono huu? Pimeni nafasi kati ya tundu na tundu. Zote sawa! Uzi umepakwa nta mara mbili. Na hapa kwenye pembe, tazameni, amekunja ndani, hakukata. Huyu alikuwa anashona matandiko ya farasi wa kifalme. Siku hizi hakuna mtu duniani anayeshona hivi, nawaambia mimi ninayeijua ngozi. Aliyeshona hii alishakufa, na alikufa na siri yake.

Binti akakohoa kidogo.

Binti: Babu, ni wewe uliyeshona.

Uhakika: Nani?

Binti: Wewe. Kitako kilipasuka, baba akakuletea. Ulitumia buti lake la kushoto, la kulia lilikuwa limechukuliwa na mto. Mimi ndiye niliyekishika ukigonga misumari. Ulinigonga kidole, hiki hapa.

Uhakika akakitazama kidole. Akautazama mshono. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

Uhakika: Ndiyo maana nikasema ni kazi nzuri.

Kopro: Pole sana, marehemu. Tulikuwa hatujui umefariki.

Nilicheka nikashika ukuta. Mtu ana miaka sabini na kitu na bado anaweza kukupa faida namna hiyo asubuhi.

Lakini Kopro alipopata nafasi hakuiachia. Akaweka kidole kwenye lile bonde la mtutu.

Kopro: Ya mfalme siyo, tumeshalimaliza hilo. Lakini hapa pamepigwa risasi ya adui. Iligonga ikaruka. Aliyeishika wakati huo alipona kwa ajili ya chuma hiki. Unaona uzito wa historia?

Binti: Hapo ni mlango, mjomba. Siku ya upepo mkali mama aliisimamisha kuzuia mlango usifunguke. Upepo ukaushinda mlango.

Kopro: Hata hivyo! Mtu mwenye ukuta mzuri wa sebuleni hajui habari za mama yako. Kuna watu wanakusanya vitu vya kale, wanavitundika, wanavitazama wakila. Kitu cha kale kwao ni dhahabu. Ila ukikigusa tu, ukibadilisha hata skrubu moja, wanakikataa. Ndiyo nakwambia usitengeneze. Uza hivi hivi, uchakavu wake ndio bei yake, halafu nunua mpya Ijumaa asubuhi.

Uhakika: Na mimi namjua mtu anayemjua mtu wa namna hiyo. Huyo akiiona anakupa nyumba.

Kopro: Nyumba na gari.

Uhakika: Nyumba mbili, na gari la kutoka hii kwenda ile.

Sasa hapo sikucheka. Nilimwona binti uso umechangamka, anaitazama ile bunduki kama imeota mabawa. Mtu aliyefua nguo za watu miezi saba usimwambie habari za nyumba mbili kabla hajanywa kitu. Nikampa kikombe.

Mimi: Kunywa. Na hawa wawili ukisikiliza, sikiliza kwa sikio moja, lingine liache lifanye kazi.

Fundi akarudi na taa yake ya mkononi na kitambaa. Alikuwa amesikia, maana ukuta wenyewe ni wa bati.

Fundi: Hawa watu wa kutundika ukutani, cha kwanza wanatafuta jina la aliyetengeneza. Huchongwa hapa juu ya mitutu. Na hapa ubavuni huwa na maua, au ndege. Haya, nioneshe jina.

Tukainama wote. Hapakuwa na jina, wala ua, wala hata jani. Palikuwa pameteleza kama sabuni iliyobaki.

Binti: Ni mimi.

Fundi: Ni wewe nini?

Binti: Nilifuta mimi. Kila mwaka kabla ya ukaguzi wa leseni baba alinipa mchanga laini na majivu. Anasema, isugue ing'ae, afisa asituone wachafu. Nilianza nikiwa darasa la kwanza. Kulikuwa na ndege wawili, hapo na hapo. Nilikuwa nawapenda, nawasugua zaidi. Mwaka mmoja nikaona hawana macho. Mwaka mwingine hawana mabawa. Nikadhani bunduki zote ziko hivyo, zinazeeka.

Hata Kopro alipata adabu ya kutazama barabarani.

Fundi: Ulifuta thamani ya ukutani. Ya mkononi bado hatujaijua. Ile biashara ya nyumba mbili ondoeni mezani.

Uhakika: Nina uhakika walifutwa kwa makusudi. Nguruwe wana macho makali, wakiona ndege wamechorwa...

Mimi: Osha kikombe.

Fundi akapiga magoti mbele ya benchi. Fundi haongei sana, na akiongea huongea kama anayetoa misumari mdomoni, mmoja mmoja.

Fundi: Binti, nikwambie ninachoogopa. Kitako kipya nitachonga. Kulegea nitakaza. Hayo si kitu. Ninachoogopa ni mitutu. Chuma cha zamani kikiliwa na kutu ndani hukioni kwa nje. Umesugua nje, sawa. Kama na ndani kumeliwa, siku utakayofyatua, haitapigia mbele. Itapasuka hapa, mkono wako wa kushoto unaposhika. Nikiona hivyo siitengenezi. Hata ukilia.

Binti: Silii. Na mkono ni wangu.

Mimi: Hebu nyamaza na huo mkono wako. Mkono ndio unaofua, ndio unaopika, ndio utakaomshika mama yako akizeeka. Unauongelea kama kijiko cha ziada.

Binti: Bibi, Ijumaa nikienda bila bunduki nafasi inapewa mtu mwingine. Nimeshapiga shabaha. Nimeshinda! Nikose kwa sababu ya chuma?

Mimi: Ukikosa kwa sababu ya chuma utakuwa na mikono miwili ya kutafutia kingine.

Akanitazama vibaya. Nikamwacha anitazame, sijawahi kufa kwa kutazamwa.

Kopro: Hakuna haja ya kugombana. Jeshini tuna njia. Tunaweka risasi, tunaifunga bunduki kwenye mti, tunafunga kamba kwenye kifyatulio, wote tunakaa nyuma ya ukuta, tunavuta. Ikipasuka, basi. Isipopasuka, nzima.

Fundi: Nyuma ya ukuta gani?

Kopro: Huu wako.

Fundi: Wa bati?

Uhakika: Mimi nasema tuivalishe ngozi mitutu yote, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Ikipasuka inapasukia ndani ya ngozi. Nashona mara mbili. Buti la kulia la mtu mwingine nitalipata.

Kopro: Au tumimine risasi iliyoyeyushwa mtutu mmoja uzibe kabisa, uwe nguzo ya mwenzake.

Uhakika: Au tuitengeneze iwe ya kupuliza. Nina uhakika nguruwe anaogopa tarumbeta.

Kwa wakati huo Fundi alikuwa ameshaitenganisha. Sikuona alivyofanya, mara kitako huku, mitutu kule. Akafunga mitutu kwa uzi, akaining'iniza kwenye fremu ya mlango, akachukua mpini wa mbao wa nyundo ndogo.

Fundi: Nyamazeni wote. Bibi, na hilo birika.

Nikalitoa birika jikoni lisitoe sauti. Akaigonga mitutu mara moja, taratibu, kama anayebisha hodi kwa mkwe. Ikalia. Sauti nyembamba, ndefu, ikaenda, ikaenda, mpaka tukawa hatujui kama bado tunaisikia au tunaikumbuka.

Binti: Hiyo ni nzuri au mbaya?

Fundi: Mitutu iliyoachana, ukiigonga inatoa sauti ya sufuria lililopasuka. Hii haijaachana. Ngoja.

Akaishusha, akaielekeza kwenye mwanga wa barabarani, akaweka jicho. Akakaa. Akageuza upande wa pili, akaweka jicho tena. Akapitisha kitambaa, akatazama kitambaa. Akatazama tena. Nimemwona huyu kijana tangu anavaa kaptura za baba yake, na sijawahi kumwona anatazama kitu mara nne.

Fundi: Njooni mtazame.

Tukatazama kwa zamu. Zamu yangu ilipofika niliweka jicho langu zuri. Kulikuwa na duara za mwanga, moja ndani ya nyingine, safi, hazina doa, mpaka mwisho. Nje ile bunduki ilikuwa bibi kama mimi. Ndani ilikuwa bibi harusi.

Kopro: Marehemu alijua kusafisha. Mwanajeshi kamili.

Binti: Alikuwa anasafisha kila siku. Akirudi asubuhi anakaa kizingitini, anapitisha kitambaa cha mafuta, kwenda na kurudi. Sisi tukimwona hivyo tunajua usiku ulikuwa wa moto. Mama anamuuliza, walikuja? Anasema, walikuja. Mama anamuuliza, sasa? Anasema, wamerudi walikotoka.

Fundi akakichukua kitako, akakitazama kwenye chuma, pale kinapokutana na mitutu. Akakigusa kwa kucha.

Fundi: Unaona haya matundu mawili madogo? Hapa ndipo sindano inatokea kugonga risasi. Bunduki iliyopigwa miaka thelathini hapa huliwa na moto, panakuwa kama ukingo wa kikombe kilichomeguka. Hii pamekaa kama pametoka kiwandani. Labda aliyekuwa nayo kabla ya baba yako aliipiga kidogo. Baba yako, sidhani.

Binti: Sidhani nini?

Fundi: Sidhani kama aliipiga.

Binti: Baba alikuwa anapiga! Alikuwa mlinzi!

Fundi: Wakulima walikuwa wanampa risasi?

Binti: Kila mwaka, boksi.

Fundi: Ziko wapi?

Binti: Zilikuwa kwenye sanduku la bati, uvunguni. Baada ya msiba afisa wa silaha alikuja kuzi...

Akakatika hapo. Nilimwona anahesabu kitu kichwani, na hesabu inamkataa.

Mimi: Alikuja kuzichukua. Halafu?

Binti: Walibeba watu wawili. Mmoja akasema mgongo umemuuma. Sikufikiri chochote, Bibi. Tulikuwa na msiba.

Lori likapita, vumbi likatukalia. Fundi ndiye aliyeanza kusema, na alianza na habari njema, kwa sababu yeye hajui kupanga maneno na safari hii kutojua kulimsaidia.

Fundi: Inatengenezeka. Lile bonde nitalinyanyua kwa ndani, baba aliniachia vipande vya shaba vya kazi hiyo. Kulegea ni pini, nitatengeneza mpya. Kitako kimeoza chini ya hii ngozi, nitachonga kingine. Alhamisi jioni njoo. Ijumaa utaisimamisha mbele ya afisa na atakosa cha kusema.

Uhakika: Na mshono wangu?

Fundi: Utashona mwingine.

Uhakika: Kwa buti la nani?

Mtu angetegemea binti aruke. Hakuruka. Alikaa benchi, upande wa tofali, mikono mapajani.

Kopro naye akafungua mdomo. Huwa anaufungua kwanza, halafu anatafuta cha kuweka.

Kopro: Kwa hiyo miaka thelathini mzee alikuwa anakwenda kulala?

Binti akasimama, benchi likainuka, vikombe viwili vikaenda chini. Nilikuwa nimeshika mwiko wa kahawa na niko tayari kumsaidia binti kumpiga Kopro, ila mtu mwingine alitangulia.

Huyo alikuwa mwanamke wa makamo mwenye pampu ya kunyunyizia dawa mgongoni, bomba lake limekatika linaburuta. Alikuwa amesimama mlangoni kwa Fundi muda mrefu anasubiri zamu, na sisi tulivyokuwa na macho ndani ya mitutu hakuna aliyemkaribisha.

Mwenye pampu: Alale wapi? Shamba langu ndilo la kwanza ukivuka mto. Miaka yote hiyo sikupoteza hata shina moja la muhogo. Tangu huyo mzee afe, nusu ya shamba imeshakwenda, nusu nyingine wanachagua waanzie wapi. Mtu aliyelala ndiye wa kufanya hivyo?

Kopro: Mama, sikumaanisha...

Mwenye pampu: Tena mlio wa bunduki mimi sikuwahi kuusikia. Hata siku moja. Nilidhani upepo unaupeleka upande mwingine. Leo nasikia hapa kwamba haukuwepo. Haya, nyinyi watu wa silaha mnaojua kila kitu, niambieni mimi mkulima: kama hakupiga, alikuwa anawafukuzaje?

Nawaambia, nimeuza kahawa kwenye benchi lile tangu benchi lina miguu minne. Pale nimesikia sababu ya vita, nimesikia dawa ya upara, nimesikia mtu akieleza mwezi umetengenezwa na nini. Sijawahi kusikia swali likikosa jibu. Kopro akatazama ndani ya kikombe chake, na kikombe kilikuwa chini kimevunjika, ametazama kiganja tu. Uhakika akasema "nina", akaishia hapo. Fundi alikuwa ameshika mitutu kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda kuiweka wapi. Hata mimi, ambaye hakuna aliyepita barabara hii bila kupata maoni yangu, sikuwa na kitu.

Binti ndiye aliyesema.

Binti: Mama, wewe ulikuwa unamwona?

Mwenye pampu: Namsikia tu. Anakohoa. Anapita mpakani mwa shamba, anazunguka lote, anakwenda la jirani, anarudi. Mvua inyeshe, isinyeshe. Ukikisikia kile kikohozi unageuka upande wa pili, unalala.

Binti: Kila siku njia hiyohiyo?

Mwenye pampu: Hiyohiyo. Mpaka leo ipo. Mashamba yote yamejaa magugu, njia yake haijaota jani.

Binti akajifunga shuka kiunoni, lile lililokuwa limefunika bunduki.

Binti: Unaweza kunionesha?

Mwenye pampu: Sasa hivi? Nimekuja na pampu.

Fundi: Pampu iache hapa. Nitaitengeneza pamoja na hii.

Mwanamke akaitua, akanyoosha mgongo, akamtazama binti kuanzia juu mpaka chini kama anayetazama mbegu kabla ya kuinunua.

Mwenye pampu: Viatu hivyo vitakuumiza. Ni mzunguko mrefu.

Binti: Nitavivua.

Wakashuka wote wawili kuelekea mtoni. Binti hakugeuka hata kuiaga bunduki. Alikuwa anauliza kitu, yule mwanamke anaonesha kwa mkono, huku, halafu huku, halafu kule juu kwenye mawe.

Kopro akajikohoza. Nikajua nadharia inakuja. Uhakika naye alishaanza kuvuta pumzi.

Mimi: Kahawa imekwisha. Nendeni makwenu.

Birika lilikuwa bado nusu. Wakaondoka wakilalamika, mmoja huku mwingine kule, na Kopro nikamkumbusha vikombe viwili vilivyovunjika ni vyake kwa sababu mdomo uliovivunja ni wake.

Ndani Fundi alikuwa ameshaibana mitutu kwenye jiliwa, ametandaza vipande vya shaba vya baba yake kwenye gunia, kuanzia chembamba mpaka kinene. Nikammiminia kikombe kilichojaa, nikasimama juu yake nione anaanzia wapi.

Mimi: Usije ukaniambia Alhamisi haijakaza.

Fundi: Bibi, sogea kidogo. Unaniziba mwanga.